Siku Baba Mdogo Alipokuja Ruiru Bila Medali

Jumamosi, mwezi wa saba. Jioni.

Baridi imekaa hapa mtaani Landless tangu asubuhi kama mgeni asiyejua kuaga. Nimevaa sweta mbili na bado nimependeza, hapo msinibishie. Lakini roho haijatulia, na nisipoandika nitaishia kumsumbua jirani.

Leo nilipeleka watu wangu kwa kina Ciku, Ruiru.

Kwa wasiojua, Ciku ni msichana wangu, na Wakikuyu wana siku yao ya kwanza kabla mtu hajataja mbuzi wa mahari hata mmoja. Mnaenda tu kujua boma. Mnapewa chai, halafu kila mgeni anasimama, anajisema yeye ni nani na anafanya nini. Baba ya msichana anasikiza. Akipenda alichosikia, mtaitwa tena. Asipopenda, basi chai ilikuwa tamu, asanteni, mfike salama.

Shida ni kwamba mdomo wangu ulikuwa umefika Ruiru kunitangulia. Nilikuwa nimemwambia Ciku vitu viwili, naye akavipeleka kwa babake. Kwanza, kwamba baba yangu mdogo, Barasa, ni mwanajeshi aliyevishwa medali kwa ushujaa wa vita, na atakuja nayo kifuani. Pili, kwamba mimi mwenyewe naandikwa jeshi wakija kuchukua vijana safari hii.

Ya kwanza ni kweli, angalau ile sehemu ya ushujaa.

Ya pili, eh. Mimi niliacha shule form two. Jeshi haichukui mtu bila cheti cha form four, hata awe na kifua kama mlango. Na changu ni kama mlango. Ilinitoka tu siku moja, tamu, na wiki hiyo hiyo Ciku akaniletea salamu kutoka kwa mzee: msalimie afande. Mimi, afande! Ukishaitwa hivyo, kurudi kuwa fundi wa mageti ni kazi.

Baba Mdogo ndiye alitulea baba alipokufa. Sasa amestaafu, anafuga mbuzi Gatuanyaga, kwenye vumbi. Sisi humcheka sana. Mtu wa Bungoma, kwao ukidondosha mbegu unaruka kando isikuchome ikiota, anaenda kununua shamba mahali hata punda anaomba maji. Yeye hucheka na sisi, hajibu. Vita hajawahi kutuambia, kwa hivyo nilikuwa nimemtungia hadithi yangu. Kwenye yangu ameogelea hata mahali hapana mto.

Asubuhi akatokea na koti ya kahawia, tai, na viatu viking'aa mpaka nikajiona sura na nikaridhika. Kifua kitupu. Nikamuuliza medali iko wapi, akasema haiko kwake. Na sare? Akasema nguo za serikali alizirudisha siku ya kutoka. Nikamsihi avae hata kofia. Aliniangalia vile unaangalia mbuzi aliyekula soksi.

Tukafika. Sebule imejaa. Mama yangu alijisema, watu wakamshukuru. Ikafika kwa Baba Mdogo, na mzee wa Ciku hakungoja.

"Afande, tumesikia mengi. Hiyo medali tulidhani tutaiona leo. Na huyu kijana naye tumeambiwa anafuata nyayo zako."

Baba Mdogo akageuza shingo akaniangalia. Yeye ndiye alikuwa akilipa karo yangu ya form two. Nikaangalia zulia.

Hakusema ndio, hakusema la. Alisimama akajisema.

Alisema aliandikwa akiwa bado kijana, kwa sababu alitaka kula nyama. Wakampeleka upande wa malori, na kwa miaka mingi kazi ilikuwa kupakia na kupakua. Halafu wakavushwa mpaka wa nchi, kwenda vitani. Huko alikuwa kwenye lori la maji, na dereva wake aliitwa Mutua, Mkamba, mdomo mrefu kama wa huyu, akaninyooshea kidole. Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, ningefanya nini.

Siku moja msafara wao ulishambuliwa barabarani. Lori la maji lilikuwa mbele na lilikuwa limeshapita, wao walikuwa salama. Mutua hakuuliza mtu. Aligeuza gari, akarudi, akaliegesha katikati ya risasi na waliojeruhiwa. Baba Mdogo akashuka, akawavuta mmoja mmoja na kuwapandisha, huku maji ya tangi lililotobolewa yakimmwagikia kichwani mpaka viatu vikajaa. Mutua akawaendesha wote mpaka kambini. Akazima gari. Hakushuka. Alikuwa amepigwa risasi kitambo, na hakuwa amesema.

Mama ya Ciku aliacha kumimina chai.

Akaendelea. Siku ya gwaride ya kuvishwa medali, karatasi iliyosomwa ilisema Barasa ndiye aligeuza gari na Barasa ndiye aliokoa watu. Labda ni makosa ya mwandishi, hajui. Mutua alitajwa tu pamoja na marehemu wengine, basi. Sasa kwenye gwaride huongei. Nzi akitembea juu ya pua yako unamwacha amalize safari yake. Lakini mkubwa aliposimama mbele yake na ile medali mkononi, Baba Mdogo alifungua mdomo.

"Afande, gari iligeuzwa na Mutua."

Mkubwa akaibandika medali, akasonga kwa mwingine. Hakuna aliyemwadhibu. Ila alibaki koplo mpaka siku ya kustaafu, na vijana aliowafundisha kupakia malori wakampita wakawa wanampa amri.

"Medali iko kwa mamake Mutua," akasema. "Kutoka kwangu Gatuanyaga ni kuvuka mto tu. Ni mzee sasa, huwa naenda kumchotea maji."

Kumbe vumbi la Gatuanyaga lilikuwa na maana, na sisi miaka yote tunacheka.

Mzee wa Ciku alimuuliza swali moja: aliogopa wapi zaidi, kwenye risasi au kwenye gwaride? Baba Mdogo akafikiria.

"Gwaride. Pale ningeweza kunyamaza, na hakuna mtu angejua."

Akakaa. Ikabaki mimi.

Nilisimama. Nikasema naitwa Wafula, nachomea mageti na madirisha Landless. Jeshi siandikwi, shule niliachia form two, ile ilikuwa uongo wangu. Sijawahi kuongea kifupi hivyo tangu nizaliwe.

Ciku alikuwa mlangoni na chupa ya chai. Akarudi jikoni.

Mzee akaweka kikombe chini, akaniangalia.

"Unachomea mageti?"

"Ndio, baba."

"Langu linaburuta chini. Umeliona ukiingia?"

Nililiona. Bawaba ya juu iliwekwa na mtu mwenye haraka, lakini nilijibu tu kwamba nimeliona.

"Kesho baada ya kanisa, kuja na vyombo vyako. Tutaongea."

Mama anasema hiyo ni ndio. Baba Mdogo anasema hilo ni geti.

Nilirudi nikijiona simba. Nimesema ukweli mbele ya watu, mimi, bila medali! Nikamwandikia Ciku. Amesoma. Hajajibu. Nikaandika tena, nikaweka na mzaha. Amesoma.

Ndipo mama, akikoroga ugali, akaniambia alichosikia jikoni kule. Shangazi yake Ciku alikuwa amemshika mkono akimuuliza, wewe ulijua? Ulikuwa unatuletea uongo na unajua? Na Ciku analia, hajibu.

Sijala vizuri.

Uongo wangu aliubeba yeye kwa babake, na mdomo wake mwenyewe, akijivunia. Leo nilijisafisha mimi peke yangu nikakaa chini. Baba Mdogo alivunja gwaride kwa ajili ya mtu aliyekufa. Huyu wangu yuko hai, alikuwa hatua chache tu kutoka kwangu, na sikumtaja.

Kesho sitagusa geti la mtu kwanza. Nitaomba waje wote sebuleni, hata shangazi, niseme maneno mawili: Ciku hakujua.

Ni mawili tu. Mbona yananitisha kuliko yote ya leo?