Choo cha Milango Minane

3 Machi

Binti yangu, Daktari wa Maji,

Salamu zikufikie huko maabara. Mimi mzima, ila goti la kushoto linagoma kila ninapopiga magoti kusali. Nadhani limeacha dini. Mumeo na mjukuu wangu hawajambo?

Huku vita vimepamba moto. Tangu mwaka jana watoto wa shule ya Jumapili wanaharisha, na wote wanakunywa maji ya chemchemi ya kanisa. Jumamosi tatu tumesimama mbele ya kiwanda cha sabuni, mchungaji mbele, kwaya nyuma, mimi katikati na bango kubwa kuliko mimi. Mwenye kiwanda anakana kuchafua maji. Mwizi gani aliwahi kukubali? Nakutumia chupa nne za maji hayo kwa dereva wa basi. Pima, utupe karatasi yenye muhuri tumzibe mdomo.

Baba yako, mwashi mstaafu, sasa askari wa mazingira

20 Machi

Baba, shikamoo.

Sisi hatujambo. Mjukuu wako ameota jino la nne na anauma watu. Pole na goti. Lisamehe, ni la zamani.

Chupa zako nilizimwaga, zilinuka mafuta ya kupikia. Ndiyo maana alikuja mwenzangu wa kazi, yule mama uliyembebesha mayai, na chupa safi na boksi la barafu.

Baba, barua hii nimeichana mara mbili. Hakuna sabuni kwenye maji yale. Kuna vijidudu vya kinyesi cha binadamu, vingi mno. Mwenzangu alipanda mteremko kutafuta vinakotoka, na hatua arobaini juu ya chemchemi akakuta choo.

Nakijua choo hicho. Siku ulipomaliza kukijenga ulinifungulia milango yote minane, mmoja mmoja. Wazee wa kanisa hawakutaka kionekane kutoka mlangoni mwa kanisa, nawe ukakificha huko juu. Mashimo yanavuja chini kwa chini. Najua hukukusudia.

Mchungaji nimempigia, nimemwambia maji yachemshwe kuanzia leo. Sababu sijamtajia. Hiyo nimekuachia wewe useme, maana kazi ni yako na wewe ni baba yangu.

Bintiyo

14 Aprili

Baba, shikamoo.

U mzima? Barua huandiki, simu hupokei. Kama umekasirika, nigombeze, ila nisikie sauti yako. Nakupenda hata ukinuna. Lakini Baba, usikawie. Mimi nami nitashindwa kunyamaza.

Bintiyo anayengoja

30 Mei

Mwanangu,

Salamu nyingi kwako na kwa huyo mwuma watu. Mwili wangu mzima; moyo ndio uliokuwa umeteguka.

Sikukukasirikia. Niliona aibu. Jumapili nne nilikwenda kanisani na maneno mdomoni nikarudi nayo nyumbani. Kisha Jumamosi moja wakabeba mabango tena kwenda kiwandani, kumwonea mtu asiye na kosa. Hapo nikashindwa. Nikasimama njiani nikasema, "Msiende. Aliyechafua maji ni mimi."

Nikawaeleza yote. Mchungaji alivua miwani, hakuivaa tena mpaka nilipomaliza. Mama mmoja wa kwaya, ambaye mwanawe amelazwa mara mbili, aliniangalia, akaweka bango lake chini. Nilimwomba msamaha, sikuwa na jingine.

Kiwandani tulikwenda vilevile, bila mabango, kuomba radhi. Mwenye kiwanda alicheka mpaka akakohoa, akatupatia katoni mbili za sabuni. "Nendeni mkanawe mikono," akasema. Tulistahili.

Mashimo yamenyonywa na kufukiwa. Choo tumekibomoa, na nyundo ya kwanza niliipiga mimi. Ukuta ule ulikataa kuanguka, mwanangu! Nilikuwa nimeujenga vizuri mno. Nililia, na sehemu ya machozi yale ilikuwa majivuno, Mungu anisamehe. Choo kipya kiko chini ya mteremko, mbele ya kanisa, kila anayetoka ibadani anakiona. Maji bado tunachemsha. Mwenzako anasema itachukua miezi.

Jana waumini walichagua msimamizi wa chemchemi, wakanitaja mimi. Nikakataa, nikasema aliyeharibu hapewi kulinda. Aliyenijibu ni yule mama wa kwaya.

"Mzee, sisi wengine maji yakishakuwa safi tutasahau. Wewe hutasahau."

Nimekubali.

Baba yako