Kinoo cha Almasi

Soweto, Mbeya

Kaka yangu Halfani,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima huko Ruaha Mbuyuni, pamoja na shemeji Saida na watoto, na vitunguu viwe vimekubali mwaka huu. Sisi huku hatujambo, ila baridi imezidi na Baba haendi buchani bila makoti mawili. Ningekupigia simu, lakini kila nikiishika maneno yananipotea. Acha niandike, utasoma taratibu.

Idi Kubwa ya mwaka jana hukuwepo, na hatukukusimulia. Kisu cha Baba kiligoma shingoni mwa mbuzi. Ilibidi arudie, na mnyama akalia mpaka majirani wakageuza nyuso. Baba hakuonja nyama ile. Alikaa uani akisema amemtesa kiumbe wa Mungu siku ya ibada. Kile kinoo chake cha zamani kimelika katikati, kimekuwa na bonde, na kisu ukikipitisha humo kinatoka na makali upande mmoja tu.

Basi mwaka huu, Idi ilipokaribia, nilikwenda Mwanjelwa kwa Bwana Umakant, yule muuza vifaa vya ujenzi, kutafuta kinoo kipya. Alinitolea vibao vya chuma vinavyometameta, akaniambia ule unga uliogandishwa juu yavyo ni almasi. Nilicheka, nikamuuliza kama ni hiyo hiyo ya pete za maharusi. Akasema ndiyo, ila hii inatengenezwa kiwandani, na hakuna chuma cha kisu kinachoweza kushindana nayo. Akanionya nisichukue kile cha bei ya chee, chembe zake hubanduka upesi. Akanichagulia kipana kinachotosha kisu cha bucha, upande mmoja wa kukwaruza, mwingine laini wa kumalizia. Akaweka rula juu yake, akakiinua kwenye mwanga nione kilivyonyooka. Akasema hicho hakitafanya bonde. Nitie maji, si mafuta, na nisikandamize.

Kaka, mwanzoni nilikandamiza, nikakichora kisu mikwaruzo. Halafu nikalegeza mkono. Nikainua mgongo wa kisu kidogo tu, nikakivuta kuanzia mpinini hadi nchani, mpaka kidole kikahisi kinyuzi cha chuma kimejikunja upande wa pili, ishara kwamba makali yamefika. Nikageuza, nikafanya vilevile, kisha nikamalizia kwenye upande laini. Nikaweka kisu juu ya nyanya na kukivuta bila kukandamiza. Nyanya ikafunguka yenyewe. Nilikaa chini palepale jikoni nikasema Subhanallah. Vumbi tu, Halfani! Vumbi ambalo ukilipuliza hulioni, Mungu amelitia nguvu kiasi hicho. Baba alijaribu kisu kwenye vinyweleo vya mkono wake, vikanyoleka, akakifunga kwenye kitambaa.

Siku ya Idi, baada ya swala, mbuzi alilazwa kuelekea kibla. Baba akapiga magoti, akashika kisu, na mkono wake ukaanza kutetemeka. Aliushika kwa mkono wa pili, nao ukatetemeka. Jirani yetu Mzee Iqbal akajitolea kuchinja yeye. Baba akatikisa kichwa, akaniita mbele ya wanaume wote.

“Zuena, njoo. Wewe ndiye unayekijua kisu hiki.”

Wengine wakaguna. Baba akawajibu kwamba dini haijamkataza mwanamke. Nikapiga magoti, nikasema Bismillahi, Allahu Akbar, nikavuta mara moja. Mbuzi hakulia. Macho yake yalikuwa yametulia kana kwamba hakuna kilichomgusa, kisha maisha yakamtoka. Sikujua kama nimetenda jambo au nimeshuhudia tu.

Sasa nifike kwenye lililonifanya niandike. Mikono ya Baba inatetemeka tangu Ramadhani, naye alikataza usiambiwe. Alikuwa ameshaamua kwamba Idi ikipita akuite uache shamba, urudi Mbeya ushike bucha. Niliyajua hayo nawe hukuyajua, na kila uliponisimulia shamba lako kwenye simu nilibadilisha mazungumzo. Jioni ile ya Idi Baba alinikabidhi ufunguo wa bucha, akasema, “Halfani mwache alime.”

Tangu Jumatatu nafungua mimi. Mteja wa kwanza alichungulia nyuma yangu akimtafuta Baba, kisha akaniambia nimkatie ya mchuzi, isiyo na mafuta.

Kama umeumia kwamba visu havikuja kwako, niambie ukweli, sitakasirika. Kama umepumua, niambie pia, nimsomee Baba, maana tangu siku ile anauliza kama umepiga simu.

Msalimie sana shemeji, wabusu watoto. Baba anakuombea dua kila swala.

Ni mimi mdogo wako,
Zuena, wa buchani