Wiki ya Mlenda Haikuidanganya Damu

Ijumaa, Makole. Upepo umevuma tangu alfajiri, vumbi limeingia mpaka kwenye masufuria. Hata hamu ya kufagia sina.

Nimegombana na baba yangu.

Naandika hapa kwa sababu nikimsimulia mtu nitalia. Baba amekuja kutoka Gulwe kupima damu. Nilimbembeleza sana tangu mdogo wake, Baba Mdogo wetu, alipoanguka shambani kwa kiharusi. Sasa upande wake wote wa kulia umelala, na maneno hayatoki. Kule nyumbani wapo wanaosema ametupiwa kitu. Baba hasemi hivyo, lakini hakatai pia.

Kumbe mzee alijiandaa! Mama alinipigia simu jana akicheka: wiki nzima Baba amekula ugali wa uwele na mlenda usio na chembe ya mafuta, nyama ameisusa, chai anakunywa kavu bila sukari. Yeye ambaye sukari huwa anajaza mpaka kijiko kinakwama! Amefanya kama mtu anayefagia uwanja kwa sababu wageni wanakuja. Alitaka majibu mazuri tu, arudi kijijini akatambe.

Na sukari ya leo asubuhi pale kituo cha afya ikatoka nzuri kweli. Mngemwona! Akavaa kofia, akasimama aondoke.

Daktari, kijana mpole aliyemwamkia shikamoo kabla ya chochote, akamwomba akae. Kuna kipimo kingine kinachoonyesha sukari ilivyokwenda kwa miezi kama mitatu, na hicho kilikuwa juu. Mafuta mabaya kwenye damu nayo juu. Presha, usiseme. Akatueleza taratibu kwamba vipimo havimtajii mtu siku ya kuanguka, ila vinaonyesha mishipa inaumia, na mwenye yote hayo, tena ana ndugu aliyekwisha kupata kiharusi, hatari yake ni kubwa. Akamwandikia vidonge vya kila siku.

Tulipofika kwangu, Baba akaviweka vidonge mezani, akasema hamezi. Kipimo cha asubuhi kimemwona mzima, yatosha.

Nikawaka. Nikamwambia, Baba, unataka nikulishe uji kwa kijiko na kukubadilisha nguo kama Baba Mdogo? Mimi, kwa baba yangu mzazi! Kwetu Wagogo mtoto hamtamkii mzazi maneno ya namna hiyo. Yalikuwa yameshatoka.

Hakunifokea. Aliinamisha kichwa, kisha akaniambia kwa sauti ndogo, "Mama, nikimeza hivi nimekubali kwamba ninayefuata ni mimi."

Sijawahi kumwona baba yangu akiogopa. Kumbe wiki nzima ya mlenda alikuwa anaogopa.

Nikapiga magoti, nikamwomba radhi, akanisamehe. Nikadhani yameisha, nikamletea maji ya kumezea. Akaishika glasi, akaniangalia.

"Na wewe umepima? Damu si ndiyo hii hii?"

Nikaanza kujiumauma. Kazi nyingi, Baba, ofisini ruhusa ni shida. Uongo mtupu. Leo hii daktari aliniambia na mimi nipime, maana mambo haya hutembea kwenye ukoo, nikajifanya napokea simu, nikatoka nje. Nakaa kwenye kiti kutwa, jioni chipsi, na kichwa kinaniuma siku nyingi sasa. Naogopa, basi.

"Nitameza siku utakayonionyesha majibu yako," akasema, akarudisha glasi mezani. Na mzee huyu akishasema, amesema.

Jioni nzima nimejaribu kumbembeleza. Nimepika mchicha, nimezungumzia mvua, nikarudi kwenye vidonge kwa mlango wa nyuma. Wapi! Ametabasamu tu, akaenda kulala.

Kwa hiyo kidonge cha kwanza bado kiko kwenye pakiti, na anayekizuia ni mimi. Mimi niliyemsumbua miezi yote hii aje apime. Nikichelewa, yeye ndiye anayeumia.

Kesho kituo kinafunguliwa asubuhi. Nimekula mapema, sitagusa kitu mpaka nitolewe damu. Mungu wangu, na yangu itasema nini?