Saluti ya Mkono wa Kushoto

Wafula ndugu yangu,

Kitanda chako amepewa Mganda mmoja anaitwa Okello. Ni mtu mzima, mpole, anatandika shuka vizuri kukushinda, na bado simpendi. Hajanikosea chochote. Kosa lake ni kwamba akigeuka huko chini, kile chuma cha kitanda kinatoa mlio uleule uliokuwa ukiutoa wewe, nami huku juu nainamisha kichwa nikuambie utulie. Kisha namwona Okello. Sijui ananionaje.

Nakuandikia kwenye daftari la zamu, kurasa za nyuma ambazo msimamizi hafiki. Nimerudishwa JLT, kwenye lile ghorofa letu la hapa Dubai, meza yetu ileile ya mapokezi. Ni saa nane mchana, watu wote wa jumba hili wako ofisini, hakuna anayepita isipokuwa wanaoleta chakula. Kiti chako wamekiondoa. Kampuni imesema mtu mmoja anatosha hapa, na ni kweli, anatosha. Kazi haijanishinda. Kinachonishinda ni kukaa saa kumi na mbili bila mtu wa kumtania.

Nina habari ya ile filamu, na kabla ya habari nina jambo la kukiri. Jina lake silitaji hata kwako, tulitia sahihi kuitunza siri, na unajua ninavyoogopa karatasi.

Unakumbuka tulivyopelekwa kule? Watu wa filamu waliomba walinzi wa kukaa nao jangwani, na msimamizi akatutaja sisi wawili kama adhabu, kwa sababu ulikuwa umempigia tena mwenye jumba saluti ya mkono wa kushoto. "Wafula, huo mkono wako umenichosha," alisema. "Khalas, nenda ukausalimie mchanga." Kwenye basi ukaniuliza kwa nini mtu amwage mamilioni kuanza upya filamu ambayo wewe uliitazama ukiwa darasa la tano, kwenye kibanda cha video pale Bungoma, na haikuwa na kasoro. Nadhani hata wenyewe hawakujua.

Maana mambo yalianza kwenda mrama mapema. Upepo ukabeba hema la chakula. Mwigizaji mkuu akagombana na mwongozaji, akajifungia garini na kiyoyozi chake siku nzima huku watu mia mbili wakimngoja juani. Hadithi ikawa inabadilishwa kila asubuhi, leo karatasi za waridi, kesho za manjano, keshokutwa za kijani, na zile za jana tukipewa sisi tuzikatekate kwenye mashine kwa kuwa ni siri. Wewe ukizisoma kwanza. Ulikuwa ukiniambia, "Mutua, leo shujaa ana baba. Jana hakuwa naye."

Ndipo yule jamaa wa kuvaa vazi la shujaa badala ya mwigizaji, kwenye picha za mbali, alipozirai kwa joto. Vazi lilikuwa limeundwa kwa kimo kimoja tu, haliongezwi wala halipunguzwi. Bi Salma wa mavazi, yule mama wa Kizanzibari aliyezaliwa hapahapa Dubai, akatoka hemani na futi kamba yake shingoni, akaangaza huku na huku, macho yake yakatua getini kwetu. "Yule mrefu kule, hebu mwiteni aje."

Nilikucheka, Wafula. Mluhya mzima umefungwa zipu mgongoni, unakunywa maji kwa mrija, kuketi huwezi. Ukanijibu kutoka ndani ya barakoa, "Cheka tu. Leo mimi ni shujaa na wewe bado ni soja." Sikuwahi kukuona na furaha kama ile.

Sasa lile la kukiri.

Unajua mtindo wetu walinzi. Mkubwa akiingia, wa kwanza kumwona anapiga saluti, na kila mlinzi anayemwona mwenzake naye anapiga yake, hata kama hapo alipo haoni gari wala mtu. Huulizi. Miaka sita tumefanya hivyo, mimi mlango wa mbele, wewe kule kwenye lifti za nyuma, ukinitazama mimi na si mlango.

Siku ile ulikuwa juu ya kilima cha mchanga peke yako, kamera ziko mbali zinakutazama. Uliambiwa usimame tu, mikono chini, joho likipepea, utazame bondeni kana kwamba unaona mji unateketea. Mji wenyewe ungewekwa baadaye kwa kompyuta. Kwa wakati ule bondeni palikuwa na kitu kimoja tu, geti langu na mimi. Likaja gari la mtayarishaji, bosi mkubwa, arbab wa mradi wote. Tulikuwa tumeonywa kwamba kamera zikiwa zinafanya kazi mtu asijitikise. Nililijua hilo. Lakini gari lilipokata kona mkono wangu ukapanda wenyewe. Nikakumbuka kamera, nikaushusha upesi. Nilikuwa nimeshachelewa, maana wewe kule juu ulikwisha kuona mwenzako kapiga saluti, na ukapiga yako. Ya kushoto. Na mguu ukaugonga chini hadi mchanga ukaruka.

Mwongozaji alitupa kofia yake. Alipanda kile kilima akihema, akakufokea mbele ya watu wote, akauliza ni nani aliyekuambia shujaa wake apige saluti kama bawabu wa hoteli. Ulinitazama mara moja tu. Ukaomba msamaha, ukasema ni mazoea ya kazi. Mimi nilikuwa nimewafuata mbio kutoka getini, nimesimama hatua chache, na nikanyamaza. Upepo ukaanza mchana ule, ukavuma siku mbili, hapakupigwa picha nyingine, na ulipotulia ulivuliwa vazi ukarudishwa getini. Kwenye basi uliniambia neno moja, "Wewe nawe, mkono wako una haraka." Ukacheka, nikacheka. Sikukuomba radhi. Nilidhani nafasi ipo.

Kumbe ulikuwa umeshampigia Mama yako simu, ukamwambia uko kwenye sinema. Na Mama alikuwa ameshawaambia watu wa kanisani.

Ijumaa ile ya mapumziko ulijilaza baada ya chai ya asubuhi. Mimi ndiye niliyekuja kukuamsha twende tukanunue sukari. Daktari alisema ni moyo. Wafula, nimetafuta sana njia nyingine ya kuiandika Ijumaa ile na sijaipata. Nilikupangia begi lako mwenyewe, nikatia na lile shati la buluu ulilokuwa umeliweka kwa siku ya kurudi nyumbani. Nilikusindikiza mpaka pale waliponiambia basi, mwisho hapa. Siku ya mazishi nilikuwa zamu.

Mama alinipigia wiki iliyofuata. Sauti yake ilikuwa kavu, ya mtu aliyemaliza kulia. "Mutua mwanangu, watu wanasema Wafula alinidanganya. Pale pale kaburini nimesikia mtu ananong'ona, sinema gani, si alikuwa analinda geti. Wewe ulikuwa naye. Alikuwemo au hakuwemo?" Nikamwambia alikuwemo. Nikamwambia atamwona kwa macho yake mwenyewe. Nikaahidi hivyo huku nikijua kwamba picha yenyewe niliiharibu mimi.

Unaona basi nilivyojiingiza. Maana baada yako mambo yalizidi kuharibika. Mwongozaji aliondolewa. Kazi ikasimama, mahema yakabaki yakipigwa na jua, nami nikilinda mchanga mtupu. Mwigizaji mkuu naye akaenda zake. Akaja mwongozaji mpya, mwanamke wa maneno machache, na mwigizaji mpya, na vazi la kijivu likawa la buluu. Yaani filamu ya kuanza upya ikaanzwa upya. Kwenye ghala lao la mjini, kule Al Qusais nilikohamishiwa, kila mtu alikuwa akisema ya zamani yote yametupwa. Yote. Nikisikia neno hilo nilikuwa namwona Mama amekaa kanisani, na watu wamekaa nyuma yake.

Kama ujuavyo, mlinzi hamsemeshi mwongozaji. Kwa hiyo nilimvizia Bi Salma nje ya ghala nikamweleza yote. Alinisikiliza, mikono imejaa vifungo. "Mwanangu, mie mtu wa nguo tu, ya kamera siyajui. Lakini yule mrefu namkumbuka, alikuwa akinambia ahsante kila nikimfunga zipu. Hebu nipe siku mbili, inshallah ntakuulizia."

Siku mbili zikapita, akaniita ndani. Nikamkuta yule mwigizaji mpya ndani ya vazi la buluu, anapiga saluti. Ya kushoto. Na mguu anaugonga chini, vibaya, kama mtu anayeua mende. Kumbe mwongozaji mpya alikuwa amekaa siku nyingi akitazama vilivyotupwa, akaikuta ile picha yako, akaipenda, akaamua ndiyo iwe ishara ya shujaa filamu nzima. Walikuwa wanatafuta mlinzi wa kumfundisha jamaa. Bi Salma alikuwa amenitaja.

Nilimfundisha. Mimi mkono wangu ni wa kulia, kwa hiyo ilibidi nijifunze kwanza wako, pale pale mbele yao, nikikumbuka kiwiko chako kilivyokaa. Na kadiri nilivyofundisha ndivyo hasira ilivyonipanda, kwa sababu walikuwa wakisifu, wakipiga makofi, na hakuna aliyeuliza jambo hili limetoka kwa nani. Nikaacha. Nikamgeukia mwongozaji, mimi Mutua ninayeogopa karatasi, nikamwambia saluti hii ina mwenyewe. Nikamtajia jina lako. Nikamwambia umekufa. Na nikamwambia, watu wote wakisikia, kwamba mkono wa kwanza kupanda siku ile ulikuwa wangu, wewe ulinijibu tu, na lawama uliichukua wewe.

Mwongozaji alisema pole. Nikamwomba kitu kimoja, ile picha ya kilimani ibaki, hata kidogo, mama yake aione. Akasema hawezi kuahidi, kuna watu juu yake. Kisha akasema yalla, turudi kazini. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi, Bi Salma akaniletea chai ya maziwa.

Hiyo ilikuwa miezi kadhaa iliyopita. Filamu imemalizika, sisi tumerudishwa kulinda majumba, na jana kile kipande cha kuitangaza kimetoka. Nilikitazama hapa mezani kwa simu. Yule mwigizaji yumo, ndani ya jumba moja kubwa, anapiga saluti niliyomfundisha. Halafu mwisho kabisa, kabla ya giza, kuna kilima, kuna vumbi, kuna mtu amesimama. Mkono unapanda, mguu unagonga, basi.

Nilirudia na kurudia. Vazi ni la buluu, uso una barakoa, bondeni mji unaungua. Siku hizi wanaunda mtu mzima kwa kompyuta. Sikuweza kujua kama ni wewe. Miaka sita tumelala kitanda kimoja, wewe chini mimi juu, na nikashindwa kukutambua. Hilo liliniuma kuliko yote.

Nikamtumia Mama bila kumwambia lolote. Baada ya saa nzima ukaja ujumbe wa sauti.

"Mutua, huyo wa ndani ya jumba simjui. Huyo wa mchangani ni wangu. Hivyo ndivyo alivyokuwa akigonga mguu mlangoni kwangu akitoka shamba, kutoa matope, na nilikuwa nikimgombeza kila siku. Ni yeye. Sasa niambie, mbona amesimama peke yake hivyo? Anamsalimu nani?"

Wafula, nikarudi kuitazama kwa swali hilo. Gari la arbab limefutwa. Geti limefutwa. Pale nilipokuwa nimesimama mimi wameweka moshi na majumba yanayoanguka. Watu wote watakaoitazama watadhani shujaa anauaga mji wake. Na hata mimi, miezi yote hii, japo nilijua ulinijibu, saluti yenyewe niliihesabu kuwa ya mtayarishaji. Lakini kutoka kule juu gari hukuliona, lilikuwa bado nyuma ya kilima. Uliyemwona ni mimi.

Nikamjibu Mama, "Mimi. Alikuwa ananisalimu mimi."

Nikalia hapa mezani. Jamaa mmoja wa kuleta chakula akaniuliza kama naumwa, nikamwambia ni vumbi, ndani ya jumba lenye viyoyozi na sakafu inayong'aa. Akanitazama, akaniachia kitambaa cha karatasi, akaingia kwenye lifti.

Nimeomba likizo na nimekubaliwa. Filamu ikitoka nitakuwa nyumbani. Nitaenda kwa Mama, nitasimama kaburini kwako nilipokosa kusimama, kisha nimpeleke Eldoret kwenye ukumbi wa sinema, na yule aliyenong'ona nitamlipia kiti, cha mbele kabisa. Majina yakianza kupita mwishoni lako halitakuwemo. Nimeshauliza, hukuandikishwa. Basi nitalitaja mimi, kwa sauti, na wakinitoa ukumbini wanitoe.

Nisamehe kwa kunyamaza. Na nisamehe kwa lile jingine, ambalo nimeliona jana tu. Siku ile niliinua mkono, ukainua wako kunijibu, nami nikaushusha wangu, nikakuacha umeuinua peke yako mbele ya watu wote.

Pumzika, ndugu yangu. Kilima kile kikitokea nitasimama mbele ya kiti changu na kukupigia saluti, ya kushoto, nimeshaizoea. Safari hii sitaushusha mkono mpaka ushushe wako.

Mimi Mutua,
mlango wa mbele