Baba, Mkato Wako Baada ya Neno Marehemu

Shikamoo, Baba.

Nimechoka. Nakwambia wewe kwa sababu Mama nikimwambia atasema nimekonda, aanze kunipikia.

Tangu tukuzike, kamati ya maji imenirushia orodha yako ya kaya, eti mimi ndiye niliyesomea kompyuta. Siku hizi bombani bila kadi yenye jina la mwenye kaya huteki hata ndoo moja, na kadi nizitoe mimi.

Kila kaya uliipa mstari wake: jina, mkato, kitongoji, mkato, namba. Nikaandika programu: kata mstari kwenye kila mkato, nipe kipande cha kwanza. Unakumbuka nilipokwambia kompyuta inaanza kuhesabu na sifuri? Ulicheka mpaka ukakohoa. "Kwa hiyo mbuzi wangu wa kwanza ni mbuzi sifuri?"

Basi kadi zikatoka. Marehemu. Marehemu. Marehemu. Jamani, Baba! Kumbe kila aliyefariki ulimtangulizia neno hilo na mkato wake, jina likasogea likawa kipande cha pili. Mama Elia alifika bombani na ndoo zake, mlinzi akasoma kadi, akamrudisha. Akaja kwangu, wala hakufoka. "Mume wangu ndiyo hana jina tena?" Niliona aibu, nikakukasirikia na wewe. Nisamehe. Ulikuwa ukisema aliyekufa hatajwi kavu kavu.

Nimerekebisha. Kipande cha kwanza kikiwa marehemu, programu inachukua na kinachofuata, vitoke pamoja. Ni mistari miwili tu ya programu, lakini kwa umeme wetu wa hapa Nduguti imenila siku nzima.

Nikashuka kwenye orodha mpaka kaya yetu. Upo pale mzima, Baba. Hakuna aliyekuongezea neno, na wa kuongeza ni mimi. Nilikaa mbele ya jina lako mpaka chai ikapoa. Nililia. Mama akasimama nyuma yangu. "Andika tu, mwanangu. Kila nikienda naulizwa mwenye kadi yuko wapi."

Nimeandika.

Pumzika, Baba. Nakuahidi, kila nitakayemwongezea neno hilo, jina lake halitapotea mikononi mwangu. Kadi mpya ya Mama imetoka leo. Ameisoma taratibu, kidole juu ya kila neno, mpaka jina la babu mwishoni mwa lako, ndipo akachukua ndoo.

Mwanao,
Naomi