Mfaume Bwanaheri wa Mbuchi, Aliyelijua Jiwe la Kinywe

Mwaka umetimia, Baba, tangu homa ikuchukue tukakulaza hapa Mbuchi. Majirani bado wanatusimulia: hukuweza kula samaki kabla wao hawajapelekewa.

Ulikwenda Mahenge ungali kijana, ukachimba mitaro ya wapima mawe waliotafuta kinywe, lile jiwe jeusi linalong'aa, linalotiwa ndani ya penseli. Siku moja baada ya mvua ukuta wa mtaro ukateleza, ukamfunika mwenzako Nassibu. Msimamizi akasema, "Tokeni, huyo amekwisha." Ukamjibu, "Nikitoka, natoka naye." Ukafukua kwa mikono. Jiwe likakusaga vidole viwili, hukuacha. Nassibu akatoka anapumua.

Mlirudi pamoja hapa Mbuchi kupona. Watu wakasema mlima ule una shetani, na Nassibu akaapa hatakanyaga tena huko. Ukamchukua yeye na Mama mpaka mikokoni, maji yamekupwa, ukachota tope jeusi.

"Linanuka kwa vilivyooza humu bila hewa," ulisema, ukieleza uliyoyasikia kwa wapima mawe. "Kinywe kilianza hivi, kwenye tope la bahari ya kale, kabla dunia haijapata miti. Vijimea na vijidudu vya majini vilizama, vikafunikwa tope juu ya tope, hata vikafika chini kabisa, kwenye joto. Havikuungua, maana hewa haikuwapo. Vilikandamizwa na kupikwa muda usiohesabika. Tope likageuka mwamba mgumu, na ule weusi ukawa magamba laini yaliyolala upande mmoja. Kisha ardhi ikainuka, mvua ikala mwamba wa juu, kinywe kikaonekana."

"Na ukuta je?" Mama aliuliza.

"Magamba huteleza, Mwantumu. Tulichimba kwa kufuata mlalo wake, wala hatukuweka magogo. Hakuna shetani. Jiwe lina tabia yake."

Nassibu akasema, "Basi tukate magogo." Mkarudi Mahenge, mkakinga kila mtaro, na hapana mtu mwingine aliyefukiwa mlipokuwapo ninyi.

Sisi tulikuzoea hivyo: jambo likitisha, uliliendea, ukalitazama, ukalieleza. Nasi tunajitahidi kuishi vivyo hivyo.

Unakumbukwa na mkeo Mwantumu. Wanao Mwanahalima, Mtoro na Sijaona. Dada yako Mashavu. Na wajukuu wote wa Mbuchi na Kiongoroni. Nassibu, mzaliwa wa Mbwara, ameomba aandikwe kuwa ndugu yako wa tumbo moja. Tumemwandika.

Mwenyezi Mungu akulaze pema. Maadamu tu hai, hutasahaulika.