Kaka, Nani Anagusa Kurasa Zetu za Msaada?

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimeitanguliza kwa sababu nakujua: kwako jambo lisilotanguliwa na salamu si jambo.

Unakumbuka tulivyoanza kuandika kurasa za msaada za ile lugha ya kompyuta ya wanaoanza, ambayo mtu haandiki mistari ya maneno bali anapachika vipande vya rangi kimoja chini ya kingine? Tulikaa sebuleni kwa mama hapa Tabora, yeye akituletea karanga na kuuliza kama kweli hiyo ni kazi. Ukashikilia kwamba kila ukurasa uanze na salamu, habari za nyumbani, habari za shamba, ndipo jibu lije. "Mgeni hapewi jibu mlangoni," ulisema. Nikakubali, ndivyo tulivyolelewa.

Mpaka yule mwalimu wa Goweko alipopiga simu. "Jamani, ng'ombe wangu kwenye skrini anakwenda tu, darasa zima linacheka, nami huku naulizwa habari za watoto! Namsimamishaje?" Tulicheka hadi mama akaja kuchungulia. Nikakuomba jibu likae juu. Ukanuna, ukakataa katakata.

Sasa uko Dar es Salaam. Ulisema unakwenda kujaribu kazi tu, mvua zikianza utarudi tuendelee. Lakini kurasa zetu mtandaoni zinabadilika. Salamu zimetoweka, jibu limepanda juu, na kila kichwa kinaanza na shida ya mtu, "Ng'ombe hasimami", badala ya jina la kipande. Ndivyo nilivyotaka. Ningefurahi, kama si kwamba wewe si mtu wa kushindwa kirahisi hivyo. Nikikuuliza, unasema, "Ah, marekebisho madogo tu, mdogo wangu." Tangu lini? Mtu aliyezigombania salamu vile haziondoi kimya kimya. Nilishuku umewauzia wengine kazi yetu. Nilishuku wamekwambia mimi ni mshamba, nawe ukaitikia. Nimekuwa na hasira nawe, kaka, sifichi.

Jana nikapitia ukurasa mmoja mmoja, nikitafuta wizi. Nikafika ule wa mwisho, "Ukikwama", tuliouandika pamoja: tuulize sisi, na majina yetu mawili. Jina lako halipo. Langu umeliacha, na chini yake umeongeza: "Anajua yote. Mwamini."

Hukuiba kitu. Ulikuwa unanikabidhi kazi yetu, kama mtu anayefagia chumba kabla ya kuhama. Hilo limeniuma kuliko wizi, maana mwizi ningemkemea.

Mvua zimeanza, na mahindi ya Goweko yameshaota. Mama anatandika kitanda chako kila Jumamosi, anasema kaka yako yuko njiani. Nami namsaidia kukunja shuka.

Basi nipigie, uniambie kwa mdomo wako kwamba hutarudi. Mama nitamwambia mimi.

Mdogo wako,
Tabora